Binti akiumia mguu musimutupe, angalieni Hejnová

Bwana mhariri, jambo kwako na kwa wote hapo gazetini. Naandika juu ya ile habari yenu ya wiki iliyopita, pale mulisema mukimbiaji mwanamuke akisha kuumia vibaya na miaka inasonga afazali aache, nafasi apewe mutoto mwengine. Mimi nafundisha spoti kwenye masomo moja hapa Katuba na hayo maneno yameniuma kabisa, juu wazazi wanasoma halafu wanakuja kutoa mabinti wao kwenye timu.

Muangalie Zuzana Hejnová wa Ucheki. Alizaliwa Liberec mwaka 1986, mbio yake ilikuwa mita 400 za viunzi, yaani vizuizi 10 vya kuruka, mita 35 toka kimoja mpaka kingine, na wakati pumzi imekwisha na miguu imekuwa mizito lazima bado uhesabu hatua zako vizuri sana, ukikosea moja tu unagonga. Mwaka 2013 kule Moscow alikuwa bingwa wa dunia kwa sekunde 52.83, Dalilah Muhammad wa Marekani akafika wa pili sekunde moja na zaidi nyuma yake, na kwa hii mbio hiyo ni mbali mno! Musimu ule wote hakuna aliyemushinda kwenye viunzi.

Halafu mufupa wa mguu ukavunjika, musimu wa 2014 ukamuharibikia. Hapo ndipo ningetaka wasomaji wenu wasimame kidogo. Huku kwetu najua makocha wenye wanaambia binti akaze roho akimbie na maumivu, na binti akishindwa wanamusahau, sitaki kutaja mutu lakini wapo. Hejnová walimungojea. Mufupa uliwachwa upone, akarudi polepole, na mwaka 2015 Beijing akachukua tena ubingwa wa dunia, sekunde 53.50, miaka 28. Olimpiki ya Rio 2016 alikosa medali kwa sekunde 0.20 tu, nafasi ya nne, na hata baada ya ile hakuenda nyumbani: 2017 Belgrade alipata fedha kwenye mashindano ya Ulaya ya ndani ya jengo, mita 400 bila viunzi, 2019 Doha alikuwa wa tano duniani na miaka 32. Aliacha mwaka 2021. Sasa kama mwaka 2014 wangesikiliza shauri kama lenu, taji la Beijing lingekuwa la nani?

Na kitu kingine chenye gazeti halisemaki, mbio za kupokezana vijiti. Ucheki ni inchi ya watu milioni 10 hivi, sisi Kongo tumepita milioni 100, lakini mwaka 2012 Helsinki walipata shaba ya Ulaya kwenye 4 mara 400, yaani wakimbiaji wane, kila mumoja mita 400, Hejnová akiwa ndani na mwenzake Denisa Rosolová, naye pia wa viunzi, na huyo Rosolová alianzia kwenye kuruka mbali! Ndiyo maana nasema binti wa viunzi musimuhesabie mbio moja, muguu wake unaweza kubeba timu nzima.

Hata kwenye Olimpiki ya London 2012 alipewa shaba ya viunzi, kisha Mrusi aliyeshinda akapokonywa ushindi sababu ya dawa zilizokatazwa, Hejnová akapanda kwenye fedha, miaka kumi baadaye, wakati ameshaacha mbio.

Nawaomba basi, timu ya mpira Mazembe tunaipenda wote na ukurasa wake ubaki, lakini mutupe hata nusu ukurasa kwa mwezi wa mabinti wa riadha wa Lubumbashi, na muulize daktari wa mifupa aeleze wazazi binti aliyevunjika mguu apumuzike miezi mingapi mbele ya kurudia mbio. Wangu mumoja anangojea jibu hilo sasa hivi, mama yake ananiuliza kila juma.

Mwalimu wa spoti, Katuba, Lubumbashi