Barua kwa mwanangu Mwanahamisi: usiamini kwamba dereva amekuona

Mwanangu Mwanahamisi,

Asalaam aleikum. Huku Tunduma sijambo, ila foleni ya kuvuka mpaka haisogei, na mzigo wa chokaa niliotoka nao Tanga bado uko mgongoni mwa gari. Nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Uliponieleza kwenye simu ya mama yako habari za matrafiki waliokuja shuleni kwenu, mtandao ulikatika katikati ya swali lako, na swali lenyewe halifai kujibiwa kwa haraka.

Ulisema wamechora barabara kwa chokaa kwenye uwanja wa shule, wakaweka na kivuko cha zebra, wakawapitisha mmoja mmoja, kwanza kwa miguu kisha kwa baiskeli. Afande akawafundisha kutazama kulia, kushoto, halafu kulia tena. Ukamuuliza kwa nini kulia mara mbili, na kengele ikalia kabla hajamaliza kukujibu. Basi nimalizie mimi, maana ni jambo ninaloliona kila siku kupitia kioo cha mbele.

Kwetu magari yanapita upande wa kushoto. Ukisimama ukingoni, gari linaloweza kukufikia kwanza ni linalotoka kulia kwako, kwa sababu ndilo linalopita karibu na miguu yako. Linalotoka kushoto utakutana nalo ukishapita katikati. Na wakati umegeuza shingo kutazama kushoto, lile la kulia halikukusubiri. Mwisho wa mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa. Gari lenye mwendo huo linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukitazama kushoto kwa sekunde 2 tu, limeshakula mita 28. Barabara uliyoiona tupu imekwishabadilika, ndiyo maana unarudisha macho kulia. Na kwenye njia ambazo magari yanapaswa kwenda upande mmoja tu, tazama kote kote vilevile, kwa sababu bodaboda wengine hawajali.

Huko kwetu Tanga, mtaa wa Ngamiani, kuna jambo la ziada ambalo uwanja wa shule hauwezi kulionyesha. Barabara zile zinazoitwa kwa namba zimekatana kama mistari ya daftari la hesabu, kwa hiyo kila baada ya nyumba chache unakuta kona. Nyumba zimejengwa mpaka pembeni, na barazani wamekaa watu au imepangwa biashara. Wewe unayetoka kwenye barabara moja humwoni anayekuja na nyingine mpaka mmeshafikiana, naye hakuoni. Ukikaribia kona acha kupiga pedali, shika breki kidogo, na kama ukuta umekuziba, shuka usukume mpaka uone. Watakaokucheka wanakucheka kwa dakika moja. Kona zile nazijua tangu utoto wangu na sijaona mtu aliyepata hasara kwa kuzipita polepole.

Sasa nikupandishe kwenye lori langu, japo kwa maneno. Kabini iko juu sana. Mtoto wa kimo chako akisimama karibu na bampa, mimi niliyeko kwenye usukani simwoni hata nywele. Ubavuni kushoto, chini ya dirisha la utingo, kuna mahali ambapo kioo cha pembeni hakifiki. Nyuma ya tela ndiyo kabisa, sioni kitu. Dereva mwema na dereva mbaya wote wako hivyo, ndivyo gari lilivyotengenezwa. Kwa hiyo wewe usipouona uso wangu kwenye kioo, ujue na mimi sikuoni wewe. Hilo nataka ulishike kuliko yote niliyoandika humu.

Na lori likiwasha indiketa ya kushoto, mwanangu, usipite ubavuni mwake hata kama nafasi inaonekana pana. Kichwa cha lori kinaanza kwa kwenda mbele, kinapinda, halafu tela linafuata kwa njia yake fupi, linakata kona kwa ndani. Matairi ya nyuma hayapiti pale yalipopita ya mbele. Ile nafasi pana uliyoiona inazibwa na tela lenyewe, na aliye ndani yake hana pa kutokea. Kaa nyuma, mbali, mpaka limalize kupinda. Vivyo hivyo wale wavulana wanaoshika tela kwa nyuma ili livute baiskeli zao kwenye mlima: usiwaige, na ukimwona mwenzako anafanya, mwambie mwalimu bila kuona haya.

Kusimama nako kuna hesabu yake. Gari dogo lenye breki nzuri, barabara kavu, mwendo wa 50, linahitaji zaidi ya mita 20 tangu dereva aone mpaka magurudumu yasimame kabisa. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu semi, yaani lori lenye tela, na mzigo wake kufika tani 56. Sasa fikiria tani hizo zinaposhuka mteremko, mvua imenyesha, na mtoto anakimbilia mpira. Mguu wangu ukishakanyaga breki hakuna kingine ninachoweza kufanya.

Zebra ni haki yako. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamlazimisha dereva akupishe ukiwa juu ya kivuko, na asiyekupisha anavunja sheria. Lakini rangi ile ya lami haina mikono. Siku afande amesimama pale na mavazi yake meupe, akainua mkono, magari yote yanatulia. Akiondoka, wapo watakaopita kana kwamba hamna kitu. Kwa hiyo usivuke kwa kuwa gari linapunguza mwendo. Vuka magurudumu yakishasimama. Na hapo pia kuna mtego ambao umewaumiza watoto wengi: gari la kwanza linasimama kukupisha, unafurahi, unakimbia, na pembeni ya lile gari inachomoka bodaboda au bajaji ambayo haikujua kwa nini mwenzake amesimama. Ukifika mwisho wa gari lililokupisha, simama. Chungulia. Kisha ndipo uendelee. Usikimbie kwenye zebra, anayekimbia hana muda wa kurudi nyuma.

Mama yako ameniambia mlibishana nyumbani kuhusu upande wa kupita. Wewe ulisema mwenda kwa miguu anapita kulia ili ayaone magari yanayomjia, na baiskeli nayo ipite huko huko. La kwanza ni kweli, pale ambapo hakuna njia ya pembeni. La pili sivyo. Baiskeli ni chombo, inakwenda kushoto pamoja na vyombo vingine. Piga hesabu: wewe na kilomita zako 15 kwa saa, gari na 50 zake. Mkielekea upande mmoja, linakufikia kwa tofauti ya 35. Mkikabiliana, mnakaribiana kwa 65. Anayetembea akiona hatari anaruka pembeni kwa hatua moja. Wewe uliye juu ya baiskeli huwezi kuruka. Tena dereva anayetoka kwenye kona anatazama kule magari yanakotokea, hakutegemei wewe utokee upande wa pili.

Kukata kulia ndiko kunakonitia hofu zaidi, kwa sababu unatoka ukingoni unaingia kati ya magari. Afande kawaonyesha kutazama nyuma, kunyoosha mkono wa kulia, kisha kusogea katikati. Ni sawa, fanya hivyo kwenye vichochoro vyetu vya Makorora. Lakini barabara kubwa, ile inayotoka mjini kuelekea Pongwe na Segera, usijaribu. Simama kushoto, shuka, vuka kwa miguu huku unasukuma baiskeli. Utachelewa kidogo, na mwalimu akiuliza mwambie baba ndiye aliyeagiza.

Baiskeli yenyewe nayo ina dai lake. Upepo wa bahari wa Tanga una chumvi, unakula cheni na waya za breki hata kama hujaitumia. Mafuta kidogo kwenye cheni na kitambaa kikavu kila mwisho wa wiki. Kabla ya kutoka, shika breki ya mbele usukume, gurudumu lisizunguke, kisha ya nyuma vilevile. Mvua za masika zikianza, breki za raba zikilowa zinashika kwa kuchelewa, na dimbwi linaficha shimo, kwa hiyo punguza mwendo mapema. Na nguo: Tanga yetu mwanamke wa buibui juu ya baiskeli hamshangazi mtu, bibi yako mwenyewe ameendesha mpaka magoti yalipomkatalia. Lakini alikuwa anakunja na kufunga kila kitu kabla hajapanda. Ncha ya mtandio ikiingia kwenye spoki, au pindo la sketi kwenye cheni, inakuvuta chini kabla hujajua kimetokea nini. Funga mtandio wako nyuma. Kofia ngumu nimeagiza mwenzangu anayeteremka Dar es Salaam akuletee. Uivae kila siku na uifunge kamba ya kidevuni, isiyofungwa inaruka kabla kichwa hakijagonga.

Nataka nikuambie pia kwa nini nimefurahi matrafiki walipokuja. Duniani kote, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa umri huo zinaua kuliko maradhi yoyote ambayo mama yako anakuhimiza unawe mikono kwa ajili yake. Na sisi tumewalea watoto wetu kwa kuwatishia polisi, "nitakuitia afande", mpaka mtoto aliyepotea anamkimbia mtu pekee anayeweza kumsaidia. Yule afande aliyewashika mikono mkavuka, ukimkuta barabarani msalimie. Ukiogopa kuvuka, mwombe akuvushe. Hiyo ndiyo kazi yake na anaipenda, ulivyonisimulia.

Lakini siridhiki na somo la siku moja. Nikirudi nitakwenda kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule kuomba matrafiki warudi, na safari hiyo wawatoe nje ya geti, mvuke barabara halisi yenye magari halisi wakiwa pembeni yenu. Na nitaomba somo hilo hilo wapelekewe madereva stendi ya Kange na vijana wa bodaboda kwenye vijiwe vyao. Nimekaa na madereva miaka mingi. Wengi ni baba wa watoto, na bado wapo wanaompigia honi mtoto aliye juu ya zebra ili akimbie. Mtoto wa miaka 8 hawezi kupima vizuri mwendo wa gari lililo mbali, akili yake haijakomaa kwa hilo hata afundishwe vipi. Anayepaswa kupima ni mtu mzima aliyeshika usukani. Nasema hivi usije ukabeba mzigo wote peke yako, kwamba ukigongwa ni kwa sababu hukutazama vya kutosha. Wewe timiza sehemu yako, yetu ni kubwa zaidi.

Hela ya waya mpya wa breki ya nyuma nimemtumia mama yako. Ipeleke kwa fundi, na usiipande baiskeli mpaka aimalize, hata kama shule ni karibu. Nitakapofika tutaipita njia yako ya shule pamoja, wewe mbele mimi nyuma, unionyeshe kila mahali unapokuwa na wasiwasi.

Na lile swali la pili, kama unaweza kumbeba mdogo wako Bakari kwenye keria: hapana, bado. Uzito wake unakuyumbisha ukiwa unaanza na ukiwa unasimama, na breki itachelewa. Kubwa zaidi ni miguu yake. Mtoto mdogo akikaa nyuma huining'iniza, na gurudumu likizunguka kisigino kinaingia kwenye spoki. Najua atalia. Mwambie asubiri nije, nitamfungia kiti chenye pa kuegemea na pa kuweka miguu, na siku za mwanzo nitambeba mimi. Msalimie bibi, na uwasalimie majirani wote.

Mimi baba yako