Kezilahabi hahukumiwi kwa kuhesabiwa mizani

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa zaidi ya miaka 30 na sijawahi kukuandikia. Taarifa yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu kongamano la washairi ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mliandika kwamba wazungumzaji waliafikiana kuwa mshairi Euphrase Kezilahabi ndiye aliyewafungulia mlango wavivu, na kwamba tangu diwani yake, Kichomi, itoke, ushairi wa Kiswahili umejaa guni, yaani mashairi yenye kasoro. Mwandishi wenu aliyabeba maneno hayo jinsi alivyoyasikia. Hakumuuliza hata mmoja wao ni shairi gani la Kezilahabi alilolisoma mara ya mwisho, na katika taarifa nzima hakuna shairi lake hata moja lililotajwa kwa jina.

Kichomi kilichapishwa mwaka 1974. Hiyo ni miaka zaidi ya 50, na bado mtu anayetaka kumzungumzia Kezilahabi anaanza na vina (silabi zinazofanana katikati na mwisho wa mistari) na mizani (hesabu ya silabi katika mstari), na anaishia hapo hapo. Katika dibaji ya diwani ile mwenyewe alieleza anachotaka: lugha ya kawaida, ile watu wanayoitumia kila siku wakizungumza, iingie katika ushairi. Waliomjibu walikuwa wengi na walikuwa na uzito. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa ameshaandika sheria za kutunga mashairi tangu 1954, na wapo waliozishika kama amana. Jumanne Mayoka baadaye akaandika kitabu akakiita Mgogoro wa Ushairi. Wengine walisema huyu ni mtu wa bara, Kiswahili amejifunzia darasani, arudhi, zile kanuni za vina na mizani, zimemshinda ndiyo maana anazikataa. Wengine wakasema ameiga Wazungu.

Hili la kuiga Wazungu linaniuma kuliko yote, kwa sababu mimi nimezaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, kama yeye. Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944. Mtoto wa kisiwa hiki wa miaka ile alikuwa akisikia enanga, ala ya nyuzi ya kuimbia hadithi, kabla hajasikia shairi la tarbia, lile la mistari minne kila ubeti. Mpiga enanga hakuwa akihesabu mizani 16. Alivuta maneno pale hadithi ilipotaka yavutwe, akayakata pale ilipotaka yakatwe, na wazee walitikisa vichwa na kulia. Hakuna Mzungu aliyemfundisha hilo. Mkisema shairi lisilo na vina si la Kiafrika, mnamaanisha nyimbo za bibi zetu zilitoka wapi?

Wala simtetei kwa kuwadharau wanamapokeo, yaani washairi wanaoshika arudhi. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilitoka mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya Kichomi. Aliitunga gerezani, ndani ya arudhi, na hakuna mtu mwenye akili atakayesema vina vilimziba mdomo. Nimevifundisha vitabu vyote viwili na navipenda vyote viwili. Nilichokiona darasani ni kwamba mwanafunzi aliyeelewa kwa nini Abdilatif alihitaji vina ndiye aliyeelewa haraka kwa nini Kezilahabi hakuvihitaji. Soma "Mgomba". Mgomba umekatwa, umelala chini, na watoto wanausubiri. Kwetu sisi wenye migomba nyuma ya nyumba, hilo ni jambo la kila wiki. Unakata shina lililokwisha kuzaa na chipukizi limeshasimama pembeni. Yeye aliliangalia jambo hilo la kila wiki akaliona neno kuhusu watu na madaraka. Mtu wa namna hiyo unamwita mvivu?

Sasa nikueleze jambo lililonipata, maana ndilo linalonifanya nisiweze kukaa kimya. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, watu wamekwisha kukaribia gati, nyumba zao wanaziona. Walikufa zaidi ya watu 220. Mmoja wao alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mdogo, aliyekuwa akirudi kutoka gulioni. Alipopatikana, mfuko wake wa plastiki ulikuwa bado umefungwa mkononi, na ndani hamkuwa na kitu ila unyevu. Dada alikuwa amemtuma sukari. Kwa miezi miwili sikuweza kuandika hata barua. Nilipoweza, nilijaribu kwanza kwa vina, kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha, na kila beti lilipokamilika nililiona ni la mtu mwingine, limetungwa kwa ajili ya msiba wa mtu mwingine. Usiku mmoja niliteremsha Kichomi changu cha tangu chuo cha ualimu, nikasoma mpaka alfajiri, halafu nikaandika bila kuhesabu. Mahali pamoja niliandika hivi:

Kilo mbili za sukari
umezitia ziwani, mpwa wangu,
na ziwa halijawa tamu.

Nililipeleka katika ukurasa wa mashairi wa gazeti moja, si lako. Lilirudi baada ya wiki tatu, limeandikwa juu kwa kalamu nyekundu kwamba mizani hazikutosha, na mtu fulani, nadhani kwa nia ya kunisaidia, alikuwa amenitengenezea. Mistari yangu mitatu ilikuwa imegeuka kuwa hii:

Kilo mbili za sukari, zimeyeyuka majini,
Mpwa wangu, we, kwaheri, buriani, buriani.

Hesabu mwenyewe, Mhariri. Mizani 16 juu, 16 chini. Vina vya kati "ri", vya mwisho "ni". Hakuna kasoro hata chembe. Ila lile la ziwa kutokuwa tamu, ambalo ndilo nililolilia usiku kucha, limeondolewa kwa kuwa halikupata nafasi, na mahali pake pamewekwa "buriani" mara mbili ili hesabu itimie! Beti zilizofuata zilijazwa "jamani" na "wenzangu" kila penye upungufu, mpaka msiba wa dada yangu ukawa kama tangazo la shukrani baada ya arobaini. Niliketi na karatasi ile mapajani na nilitetemeka kwa hasira. Huyo mtu hakuwa mbaya. Alifundishwa kwamba shairi ni chombo cha kujazwa, na kwamba asiyekijaza hajui. Hicho ndicho Kezilahabi alichokuwa akikipinga tangu 1974, na hao wa kongamano lenu wanasema aliharibu. Hakuharibu. Aliniachia mahali pa kumlilia mtoto wetu kwa maneno yetu, na sitakubali aitwe mharibifu wakati nina pumzi.

Na jambo lingine, maadamu nimeanza. Nilipofika Mwanza mwezi uliopita nilizunguka maduka manne ya vitabu nikitafuta Karibu Ndani, diwani yake ya 1988, na Dhifa, ile ya 2008. Duka la kwanza lilikuwa na madaftari, vikasha vya vifaa vya hesabu na kalenda. La pili vivyo hivyo. La tatu kijana aliniuliza kama Kezilahabi ni mchungaji. La nne, ambalo ndilo kubwa, halikuwa na diwani hata moja ya mshairi yeyote, si wa vina wala asiye wa vina, lakini lilikuwa na rafu nzima ya vijitabu vya uchambuzi: maudhui, dhamira, fani, majibu ya mitihani. Vijana wetu wanasoma uchambuzi wa vitabu ambavyo hawajawahi kuvishika. Mjukuu wangu yuko kidato cha sita. Aliweza kunitajia sifa tano za mashairi ya kimapokeo na tano za mashairi huru bila kupumua, na nilipomwomba anisomee kwa ghibu shairi lolote, la aina yoyote, hakuwa nalo. Basi tusishangae kongamano zima linamjadili mshairi kwa sifa tano.

Rosa Mistika nayo, riwaya yake ya 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa kuwa ilisema wazi yanayowapata wasichana wetu, kisha miaka ikapita na ikawa kitabu cha kusomeshwa. Waliokipiga marufuku na waliokirudisha wote walikuwa watu wa heshima. Ninachokumbuka ni kwamba waliokirudisha walikuwa wamekisoma. Alipofariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020, magazeti yaliandika juu ya riwaya. Mashairi yalipata aya moja moja, na ndani ya aya hiyo, vina na mizani.

Ombi langu ni hili, na nimelifikiria kwa siku nne. Ukurasa wenu wa mashairi wa Jumapili una nafasi ya mashairi sita, na kwa miaka yote niliyousoma yote sita huwa ya tarbia. Tengeni robo ya ukurasa huo, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kwa shairi moja lisilo na vina, na asiruhusiwe mtu yeyote kuligusa kwa kalamu nyekundu isipokuwa kusahihisha tahajia. Jumapili iliyo karibu na tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa, ombeni ruhusa kwa wenye haki muweke shairi lake mwenyewe, zima, bila uchambuzi chini yake. Na mwandishi wenu akienda tena kongamanoni, aende na Kichomi mkobani, na kila atakayekitaja apewe asome kwa sauti shairi moja kabla ya kuendelea.

Ndani ya bahasha hii nimeweka shairi la mpwa wangu kama nilivyoliandika mwanzo. Lina mistari 31. Naomba lichapwe yote 31, au lirudishwe bila kuguswa, nimeambatanisha stempu.

Mwalimu mstaafu,
Nansio, Ukerewe