Majibu ya choo yaseme pia kilichotafutwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako niungame jambo. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa maabara katika kituo cha afya huku Busia, upande wetu wa Uganda, na kwenye fomu za kipimo cha choo nimeandika "hakuna kilichoonekana" mara nisizoweza kuhesabu. Sikudanganya. Ila hakuna fomu hata moja niliyoandika kwamba vingine sikuvitafuta.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Unachota kinyesi kwa ncha ya kijiti, unakichanganya na tone la maji ya chumvi, kingine na ayodini, unafunika kwa kioo chembamba, unainama kwenye hadubini. Mayai ya minyoo, amiba na giardia jicho lililozoea huviona. Kriptosporidiamu, kimelea cha kuharisha tunachokiita kripto, hapo humpati kirahisi. Ni kiduara cha maikroni 4 hadi 6, kidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, na aliyechoka atakiona kama chembe ya hamira apite. Kinataka rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, ndugu wa ile tuliyopakia makohozi ya TB: chenyewe hushika wekundu, mandhari yote hugeuka bluu. Isospora, kimelea kingine cha kuharisha, ni mkubwa zaidi, lakini naye kwa rangi hiyo hujitokeza wazi. Mtu mwenye kinga nzuri kwa kawaida huharisha siku kadhaa akapona. Mwenye VVU ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga, zimeshuka chini ya 100 anaweza kuharisha miezi.

Kulikuwa na mama muuza mukene, dagaa wetu wa ziwani. Aliniletea kopo mara tatu ndani ya mwezi mmoja, limefungwa kwenye kaveera nyeusi, mfuko wa plastiki, kaveera ndani ya kapu, juu yake khanga, asije akaulizwa na mwenye boda amebeba nini. Mara tatu nikaandika yale maneno yangu, mara tatu akarudishwa nyumbani na metronidazoli, dawa ya amiba na giardia. Sampuli ya nne ilipakwa rangi na kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo, nadhani alitaka tu kujizoeza mkono. Slaidi ilijaa isospora. Dawa yake ilikuwa septrini, ile ile wanayopewa wenye VVU kama yeye ya kumeza kila siku kujikinga, aliyoiacha kwa kuona vidonge vimekuwa vingi, safari hii kwa dozi ya matibabu. Metronidazoli haina kazi kwa mdudu huyo.

Nimejiuliza sana kwa nini sikupaka rangi mimi. Uvivu ulikuwepo, sitauficha. Lakini pia fomu ilisema "choo", basi. Haikusema ameharisha siku ngapi wala kwamba kinga yake ni dhaifu, na fundi mwenye makopo ishirini mezani hutafuta kile anachokitafuta kila siku. Naelewa kwa nini waganga wanaogopa kuandika hali ya mgonjwa kwenye karatasi inayopita mikono mingi. Hailazimu kuiandika. "Anaharisha wiki ya tatu, paka rangi utafute kripto na isospora" inatosha, na hakuna siri iliyovuja. Nasi wa maabara tujibu hivyo hivyo: tuandike tumepima kwa njia gani, ili mganga ajue "hakuna" yetu inaishia wapi. Tuombe pia sampuli hadi tatu za siku tofauti, maana vimelea hawa hawatoki kila siku. Najua nauli ya safari tatu si mchezo kwa mtu anayeharisha. Lakini yule mama aliilipa mara nne.

Tangu mashine ya GeneXpert ije, chupa za rangi katika maabara nyingine zimesukumwa nyuma ya kabati. Sina ugomvi na mashine, imeokoa watu. Ila kazi yake kwetu ni TB, na choo cha mtu anayeharisha bado kinasubiri rangi na lenzi ya mafuta.

Inashangaza kwamba haya yaandikwe Uganda. Rakai watu waliuita UKIMWI silimu kwa jinsi ulivyokondesha, na ripoti ya madaktari ya mwaka 1985 ilitaja kuhara na kukonda kama sura yake kuu.

Kuna mwenzangu kazini aliyezoea kuniambia kripto haina dawa ya uhakika kwa watu wenye VVU, sasa ya nini kuitafuta? Ukiipata, mzee, unajua kinga imeanguka: unauliza kama ARV zinamezwa na kama zinakaa tumboni, unapima wingi wa virusi, kwa sababu kinga ikipanda ndipo kuhara kunakoma. Unaacha kumjaza metronidazoli. Na unamwambia achemshe maji ya kunywa mpaka yatokote, kwani klorini tunayotia kwenye jerikeni kripto haimuui.

Fundi wa maabara mstaafu,
Busia, Uganda
(Jina limehifadhiwa)