Barua kwa mwanangu: tazama kitenzi baada ya did

Busia, Uganda

Mwanangu,

Ripoti ya majaribio imefika. Hisabati umenifurahisha, hata majirani wameiona. Kiingereza ndicho kimenikosesha raha. Karatasi ya Kiingereza ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ina maswali 55, na 50 ya mwanzo ni alama moja moja, kwa hiyo neno moja likiteleza, alama imekwenda.

Tazama uliloandika: "No sooner did the rain started than we ran." Did umeitanguliza mbele ya the rain, vizuri. Halafu started ya nini? Did imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinabaki kitupu: "did the rain start". Najua ulikochanganya. Ukitumia had, started ni sahihi: "No sooner had the rain started than we ran." Chagua moja. Ukiandika did, simamisha kalamu, tazama kitenzi.

Na hili: "Never I have seen such a big fish." Hapo umewaza Kiswahili. Sisi tukisema "kamwe sijaona", kamwe inatangulia na mengine yote yanakaa palepale. Kiingereza, neno la kukana likitangulia, kitenzi kisaidizi huruka mbele ya kiima: "Never have I seen". Wala usiongeze not. Sisi tunakana mara mbili, kamwe na si-. Kwao Never inatosha. Ukikwama, tunga swali kwanza: "Have I seen...?" Weka Never mbele yake, ondoa alama ya kuuliza. "He went" haina kisaidizi, basi swali lake ni "Did he go?" Umeona? Go, si went.

Hardly huenda na when. No sooner huenda na than. Lile zoezi la likizo lenye "No sooner... when", tiki iliyopo pale ni yangu. Ifute.

Only ina mtego wake: "Only after the bell rang did we go out." Kinachopinduka ni kipande cha pili, rang usiiguse. Lakini "Only Peter saw it" haipinduki kabisa, maana Only Peter ndiye kiima.

Mwandiko wako umetulia siku hizi, nimeona. Haraka ndiyo inayokuponza, na sijui nani alikufundisha kumaliza kabla ya wenzako. Labda ni huku huku nyumbani.

Mama yako atakuja Jumapili ya kutembelewa, na kopo la karanga za kusaga na sabuni mbili. Ada iliyobaki imelipwa benki; risiti atakuwa nayo, mpelekee mhasibu siku hiyo hiyo. Mbuzi amezaa mapacha. Nyuma ya karatasi hii kuna sentensi kumi za kupindua, sita za did. Mpe mama yako arudi nazo.

Na soksi nyeupe ulirudi na moja likizo iliyopita. Nyingine iko wapi?

Baba yako