Picha ya leso si vazi la mhusika

Wiki iliyopita mteja alituandikia sisi tunaochora nguo za wahusika wa gemu, ujumbe mrefu kwamba tumetaka kumlia pesa zake. Alituma picha ya leso, yaani kanga, kwa WhatsApp, akataka mhusika wa gemu yake avishwe leso hiyo, na tulipomtajia shilingi 6,500 akajibu: "Picha ninayo tayari, kazi yenu ni kuibandika tu." Si wa kwanza. Mwezi haupiti bila neno hilo la "kubandika tu", nami kila mara humjibu mtu mmoja mmoja hadi usiku wa manane. Leo nalijibu mara moja kwa wote.

Mhusika wa gemu ni ganda lililoungwa kwa vipande vidogo vya pembe tatu. Ili ganda hilo livishwe kitambaa, lazima kwanza tulifumue, na kufumua hapa ni kulekule kwa fundi cherehani: umeletewa gauni lililokwisha kushonwa, unafungua mshono mmoja baada ya mwingine hadi vipande vyote vimelala bapa mezani, mgongo huku, kifua kule, mikono pembeni. Mpangilio huo ndio ramani ya UV. Tekscha, yaani ile picha ya kitambaa, huchorwa juu ya vipande vilivyolala, kisha programu huvirudisha mwilini. Ukiitandaza picha ya leso juu ya ramani bila kufuata mishono, pindo litakatiza kwapani na ua moja litavutika kutoka begani hadi kwenye kiwiko.

Mwaka jana dada mmoja kutoka Kilifi alitujia na kazi aliyofanyiwa kwingine kwa shilingi 1,500. Mhusika wake ni nyanya muuza viazi karai, amefunga leso yenye jina, yaani yale maandishi yake, "Wema hauozi". Upande wa kulia lilisomeka vizuri. Akigeuka, upande wa kushoto likasomeka kinyumenyume, "izouah ameW", herufi zote zimetazama nyuma kama maandishi ya mbele ya gari la wagonjwa. Sababu ni kwamba waundaji wengi wa wahusika, ili kuokoa nafasi, huilaza nusu moja ya mwili juu ya nusu ya pili, wakachora mara moja na upande mwingine ukajinakili kama kwenye kioo. Kwa suruali ya jinzi hakuna atakayegundua. Kwa nguo yenye maandishi ni aibu. Ilibidi tuzitenganishe nusu hizo mbili, tuipange ramani upya, tuchore upya, na alilipa 9,000 juu ya zile 1,500, kwa sababu kufumua kazi ya mtu mwingine ni kazi ndefu kuliko kuanza mwanzo. Angeanza kwetu angelipa 6,500. Hilo nalisema kwa uchungu, maana zile zilikuwa pesa za akiba yake.

Halafu leso yenyewe ina adabu zake. Ina pindo pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa katikati, ina jina. Kitenge kina ua linalojirudia, kwa hiyo twatafuta rudio moja, twalisawazisha kingo zake, na linajazwa nguo nzima bila mshono kuonekana. Wateja hutaka leso nayo ifanyiwe hivyo. Haiwezekani! Leso ikirudiwarudiwa utaona majina sita na mapindo yanayopita tumboni, mhusika akawa kama amejifunga kitambaa cha meza. Leso ya kiunoni lazima pindo lake liangukie chini na kwenye ukingo wa kufungia, na jina likae nyuma, lisomwe na anayefuata. Bibi yeyote wa Old Town, Mombasa, akitazama gemu yako atajua kwa nukta moja kama aliyeichora amewahi kumwona mtu amejifunga leso.

Sasa ile picha ya WhatsApp. Kwanza imebanwa, nyuzi zote zimepotea na rangi zimekuwa vijiraba. Pili, na hili ndilo baya zaidi, ina mwanga ndani yake. Gemu ina jua lake na taa zake, yenyewe ndiyo inayotia kivuli kwenye mikunjo mhusika anapotembea. Kitambaa tunachokichora lazima kiwe na rangi yake tupu, bila kivuli chochote. Mteja mmoja alipiga picha leso ikiwa kwenye kamba ya kuanikia, alasiri, chini ya mwarobaini. Akasisitiza tuitumie vivyo hivyo, nasi wakati huo tulikuwa wageni wa kazi, tukakubali. Mhusika akaingia pangoni usiku, ameshika mwenge, na kivuli cha majani ya mwarobaini bado kiko kiunoni pake. Kazi ile tuliirudia bure, na tangu siku hiyo hatujakubali tena picha ya namna ile.

Tunavyofanya ni hivi. Twaenda Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso, twanunua doti. Leso mpya ina wanga, ni ngumu kama karatasi, kwa hiyo inafuliwa, inapigwa pasi, inatandikwa sakafuni kwenye kivuli wazi, kamera juu yake imetazama chini moja kwa moja, na pembeni pamewekwa karatasi ya kijivu ya kupimia rangi. Baadaye kipande chake kinapitishwa kwenye skana ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi, ambayo ni pikseli (vile vitone vinavyounda picha) 2480 kwa 3508, ili tupate mfumo wa nyuzi wenyewe. Kisha mwenzangu hukaa akalichora pindo upya kwa mkono, kwa sababu kitambaa halisi hupinda, na pindo lililopinda kidogo sakafuni hupinda sana likizungushwa kiunoni. Kuna pindo la korosho lililomkalisha siku mbili. Leso zenye alama ya kampuni, kama ile ya K.H.E. Mali ya Abdulla ambayo Mwambao mzima unaijua, hatuinakili alama wala mchoro mpaka mteja aonyeshe ruhusa. Tutakuchorea mji wako mwenyewe na jina lako mwenyewe, na hilo tunalifanya kwa furaha.

Kuna kijana aliyetaka shati la mhusika wa Roblox, lile jukwaa la gemu za mtandaoni, lenye "Mgeni njoo mwenyeji apone" kifuani. Karatasi ya kuchorea shati la kawaida la Roblox ni pikseli 585 kwa 559, na kifua ndani yake ni 128 kwa 128 tu. Maneno yale pamoja na nafasi ni herufi 25, kila moja inapata pikseli tano na chembe. Herufi m na w hapo ni doa moja. Tulimwambia achague jina fupi, akaona tunakwepa kazi, akaenda kwa mwingine, akarudi na shati lenye mstari mweusi kifuani. "Wema hauozi" kwenye nafasi ileile inapata pikseli 11 kwa herufi, na inasomeka. Ndilo alilovaa mwishowe.

Wengine wana ugonjwa wa kinyume, wanataka kila kitu kiwe 4K. Picha ya pikseli 4096 kwa 4096 isiyobanwa inakula megabaiti 64 za kumbukumbu. Jamaa mmoja alikuwa na wahusika kumi na wawili kwenye gemu ya simu. Piga hesabu: megabaiti 768, kwa nguo peke yake, na simu aliyokuwa akijaribia ilikuwa na gigabaiti mbili ambazo lazima zigawanwe na mfumo mzima wa simu. Gemu ilikuwa ikizimika kabla hata ya kumaliza kufunguka. Tulimshushia hadi 1024, tukazibana kwa namna ambayo simu inaielewa, kila nguo ikashuka hadi megabaiti moja. Kwenye kioo cha simu hakuna aliyeona tofauti. Alilalamika kwamba amelipia 4K akapewa ndogo. Ndugu yangu, ulilipia gemu ifunguke.

Kanzu nyeupe ndiyo watu huidhani rahisi kuliko zote, nayo hututesa. Ukiipaka nyeupe kamili, yaani 255 kwenye kipimo cha rangi cha kompyuta kinachoanzia 0, jua la gemu likiipiga mikunjo yote inapotea na mtu anakuwa kama amekatwa kwa karatasi. Twaishusha hadi karibu 235, tunatia ubuluu kidogo sana, na tarizi ya shingoni inachorwa uzi kwa uzi.

Na tafadhali, michoro ya zile programu zinazotoa picha zenyewe kwa kuandikiwa maneno, tumeiona. Jina la leso linatoka na herufi zinazofanana na herufi, lakini hazisemi neno. Kufuta na kulichora upya tutakutoza sawa na kuanza.

Kwa hiyo 6,500 ni kuikagua na kuirekebisha ramani ya UV, kupata kitambaa, kuchora, kumvisha mhusika na kumtembeza, kumkalisha na kumwinamisha tuone kama pindo linakatika, pamoja na marekebisho mawili. Nusu unalipa mwanzo kwa M-Pesa, nusu ukishaiona ndani ya gemu yako mwenyewe. Doti tunanunua sisi.

Kama leso unayo na ni ya mama au ya harusi, usituletee picha yake. Tuletee leso yenyewe. Kama uko mbali, ipige pasi, itandike sakafuni asubuhi palipo na kivuli, zima flashi, simama juu ya kiti upige ukitazama chini, na uitume kama dokumenti ili WhatsApp isiibane. Tutumie na faili la mhusika. Leso tutakurudishia imefuliwa na kupigwa pasi.