Kwa mdogo wangu uliyeondoka bila kuaga

Mdogo wangu,

Mama bado anakuwekea kande, anaifunikia sahani. Asubuhi anawapa kuku. Nimemkataza, hasikii.

Arobaini ya baba hainitoki. Watu wako mkekani, shehe ndiyo kwanza anafungua kisomo, wewe ukaingia na viatu. Ukasema ule ni uzushi na sote tuliokaa pale tumeshatoka katika dini. Ukapindua sinia la pilau mbele ya mama. Mchele ule wa Kyela walichanga majirani zetu Wamoraviani! Na baba ndiye aliyekuwa akikuamsha alfajiri uende madrasa, baridi ile ya Julai, akikuvika koti lake.

Tangu uondoke nasoma habari za wapiganaji wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, nikiutafuta uso wako kwenye picha. Kabla ya kuvamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, vijana wale nao walianza kwa kugombana na wazee misikitini, wakajitenga, wakasali peke yao. Waliokuwa hawana kitu walipewa mtaji wa biashara ndogo. Oktoba 2020 wakavuka Mto Ruvuma, wakaua watu Kitaya, huku kwetu Tanzania. Ulikuwepo? Hapana, usinijibu hapa.

UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, waliwahoji waliojiunga na makundi kama hayo Afrika. Ripoti yao ya 2017 inasema asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma mwishoni. Niliposoma hapo niliweka simu chini.

Maana ulipokamatwa na bajaji yako ukalala ndani siku nne, ulinipigia mimi. Nilikuwa Uyole napakia viazi, lori linasubiri kwenda Dar. Nikasema akae kidogo, akili imrudie. Ningefanyaje? Mzigo ulikuwa wa mkopo, na mwanangu alikuwa na homa. Dada gani angeacha lori barabarani? Dhamana akakuwekea yule mtu wako wa simu, na hakukuhubiria siku hiyo. Alikununulia chipsi na kukuuliza umepigwa wapi. Mimi sikuuliza.

Lakini wenzako uliolala nao ndani wanauza mitumba Mwanjelwa hadi leo. Hawakumwita mtu kafiri.

Namba yangu haijabadilika. Piga, nitapokea hata lori likiwa linawaka. Ila sinia lile, mdogo wangu, mbele ya mama.