Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vinasaba, Virusi na Maswali ya Wanafunzi Wetu

Ndugu wanachama, walimu wenzangu wa baiolojia,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na kumbukumbu za vikao anazo katibu. Mimi naomba nizungumzie jambo lililotuchukua sehemu kubwa ya mwaka: kufundisha vinasaba na virusi kwa mifano inayotuhusu.

Lilianza na swali. Mwenzetu wa Temeke aliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha nne: mama ana VVU, baba hana, na wanaishi pamoja miaka yote, je, baba ana damu kali? Wengi wetu tumewahi kulikwepa swali hili. Safari hii tulilipa kikao kizima.

Tulikubaliana kuanza na dawa. Anayetumia ARV vizuri hadi kipimo kisione virusi hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Mtoto yule alistahili kulisikia hilo kabla ya neno lolote kuhusu jeni.

Jeni nazo zina nafasi yake. VVU huingia kwenye seli kwa kujishikiza kwenye vipokezi, yaani protini zilizo juu ya seli, kimojawapo CCR5. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba aliyerithi, kwa baba na kwa mama, jeni ya CCR5 iliyopungukiwa herufi 32 za DNA ana kinga kubwa dhidi ya maambukizi. Lakini jeni hiyo iko zaidi kwa watu wa Ulaya ya kaskazini. Kwetu ni adimu mno. Ukiufundisha mfano huo Mbagala bila kusema hivyo, umempa mwanafunzi jibu la nyumba nyingine. Mfano wa karibu ni Pumwani, Nairobi, ambako tangu miaka ya 1980 walifuatiliwa wanawake waliokutana na virusi mara nyingi bila kuambukizwa. Kinga yao ilihusishwa, kwa sehemu, na jeni za HLA, zinazousaidia mwili kuitambua seli iliyovamiwa. Hata hivyo baadhi yao waliambukizwa baadaye. Naomba sentensi hiyo ya mwisho isiachwe darasani, maana kuna vijana wanaodhani kundi fulani la damu linawatosha.

Kisha kuna vinasaba vya kirusi chenyewe, na hapa chikungunya imetufaa kuliko mfano wowote. Jina ni la Kimakonde, la mgonjwa anayejipinda kwa maumivu ya viungo, na ugonjwa ulitambuliwa huku kwetu kusini, uwanda wa Makonde, mwaka 1952. Mwaka 2004 ulizuka Lamu, ukavuka hadi Komoro, na mwaka 2005 na 2006 ukafika kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliambukizwa. Kule kirusi kilibadilika herufi moja tu ya vinasaba vyake, ikabadilisha asidi amino moja, yaani tofali moja la kujengea protini, kwenye protini ya ganda lake, na ghafla kikastawi vizuri ndani ya Aedes albopictus, mbu aliyejaa kisiwani. Herufi moja kati ya takriban 12,000! Sijapata mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi maana ya mutesheni. Ndugu yake mbu huyo, Aedes aegypti, ndiye aliyetuletea dengue hapa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, kwa hiyo somo likaishia kwenye ndoo na tairi za nyuma ya madarasa, mbu hao wanamozaliana.

Semina yetu ya walimu nusura iharibike: ukumbi tulioahidiwa alipewa mtu mwingine siku moja kabla. Tulikaa chini ya mwarobaini, ubao ukiegemezwa ukutani. Nawashukuru kwa moyo wote mliobaki hadi jioni.

Jambo moja linaniuma. Waafrika ndio wenye vinasaba vya aina nyingi zaidi duniani, lakini tafiti kubwa za jeni na magonjwa zimewahusu zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Wanafunzi wetu wanaotaka maabara wajue kwamba kazi hiyo inawasubiri.

Kwa mwaka ujao, kila mwanachama alete kwa katibu maswali matatu aliyoulizwa darasani kuhusu homa ya ini, Uviko au surua, kwa maneno yaleyale ya mwanafunzi. Tutaanzia hapo kikao cha kwanza.

Mwenyekiti,
Dar es Salaam